Tairi Pana la Nyuma: Pambo la Pikipiki Lenye Masharti Mazito

Wasomaji walio na jamaa zao Marekani au katika nchi za Ghuba huenda wamekwisha kuletewa picha za zile pikipiki nzito za chuma king'aacho ziitwazo kruza. Mpandaji huikalia kama akaliaye kiti cha barazani, miguu ameinyosha mbele na mikono imeshika usukani ulioinuka. Lakini kinachovuta macho zaidi ni tairi la nyuma. Ni pana kama la gari, na pengine hupita la gari. Mwenyewe akiegesha hupenda kuielekeza nyuma kwa watu, ili wapitao walione tairi hilo kabla ya kuyaona mengine.

Pambo ni sehemu ya utamaduni wa watu popote walipo. Sisi wa pwani tuna milango yetu ya nakshi, na majahazi ya Lamu yana macho yaliyochorwa kwenye omo. Lakini iko tofauti moja. Jicho la jahazi halikibadili chombo mwendo wake. Tairi la nyuma hubadili kila kitu. Anayetoa tairi jembamba akatia pana bila ya kujua afanyalo ni mfano wa mtu aliyechukua tanga la jahazi akalitundika kwenye mlingoti wa ngalawa. Likikaa pwani limekunjwa, chombo chapendeza. Upepo ukivuma ndipo mambo yaonekanapo.

Mtindo huu una historia yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945, vijana wengi wa Kimarekani waliotoka jeshini walinunua pikipiki za Harley-Davidson kwa bei rahisi, wakazipunguza uzito kwa kukata madigadi na kuvua kila kisichohitajika. Huko California ukataji huo ukageuka ufundi kamili, na mwaka 1969 sinema ya Easy Rider, iliyoongozwa na Dennis Hopper, ikauonyesha ulimwengu mzima. Pikipiki za sinema ile, ambazo Peter Fonda na Hopper walizipanda, zilitokana na kazi ya Wamarekani weusi wawili: Clifford Vaughs, aliyekuwa pia mpiga picha katika harakati za kupigania haki za watu weusi, na Ben Hardy, fundi wa Los Angeles. Walizitengeneza kutokana na pikipiki kuukuu za polisi zilizouzwa mnadani. Majina yao hayakutajwa katika sinema hiyo. Hardy alifariki mwaka 1994 na Vaughs mwaka 2016, na ni katika miaka ya mwisho mwisho tu ndipo watu walipoanza kuwapa haki yao. Naona si vibaya msomaji akalijua hilo anapoitazama picha ya pikipiki ile yenye bendera ya Marekani kwenye tangi.

Tairi la nyuma la enzi hizo halikuwa pana kupita kiasi. Lilikuwa la inchi 16 kwa ringi, na upana wake ulikuwa yapata inchi 5 tu. Upana mkubwa ulikuja baadaye, ukitokana na mashindano ya mbio za robo maili, ambako pikipiki yenda moja kwa moja bila ya kukata kona, na kinachotakiwa ni tairi lisiloteleza wakati wa kuondoka. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Marekani waliuchukua mtindo huo wakaupeleka barabarani. Wakaanza na milimita 180, wakenda 200, wakafika 250, kisha 300, na wengine hawakutosheka mpaka walipofika 360. Vipindi vya televisheni, kama American Chopper kilichopata umaarufu kuanzia mwaka 2003, viliongeza moto. Makampuni makubwa nayo hayakutaka kuachwa nyuma: Triumph ilitoa Rocket III mwaka 2004 ikiwa na tairi la milimita 240, Suzuki ikatoa M109R yenye upana huo huo mwaka 2006, na Harley-Davidson ikafuata kwa Night Rod Special ya mwaka 2007 na Breakout ya mwaka 2013.

Sasa hapo ndipo penye neno. Kampuni inapotoa pikipiki yenye tairi la milimita 240, imeiunda tangu mwanzo kwa tairi hilo. Mtu anayenunua pikipiki ya tairi la 130 kisha akataka ifanane na ile ya 240 anafanya kazi nyingine kabisa.

KUSOMA NAMBARI

Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa nambari. Tuchukue mfano wa 130/90-16, kipimo kilichotumiwa sana kwenye Harley-Davidson kubwa. Hiyo 130 ni upana kwa milimita. Hiyo 90 si milimita. Ni sehemu katika mia, maana yake kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 90 ya upana, yaani milimita 117. Na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu na wa chini pamoja na ringi, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 640 hivi.

Chukua sasa 180/65-16. Upana umeongezeka milimita 50, lakini asilimia 65 ya 180 ni 117 vile vile. Kimo ni kile kile. Hapo mwendo wa gia haubadiliki na saa ya mwendo haidanganyi. Lakini mtu akiangalia upana peke yake, akanunua tairi la 180 lenye kimo cha asilimia 90, atajikuta na gurudumu lililozidi kipenyo kwa milimita 90. Halitaingia, na likiingia litagusa.

Baada ya nambari hizo huja nambari nyingine na herufi. Hizi watu wengi huzipita bila ya kuzitazama, nazo ndizo zenye uhai wa mtu. Nambari 73 maana yake tairi hilo laweza kubeba kilo 365. Nambari 77 ni kilo 412. Herufi H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa, na V ni 240. Si kila tairi pana lina nguvu kushinda jembamba. Yako matairi mapana yaliyotengenezwa kwa pikipiki nyepesi za mbio, ubavu wao mfupi, ambayo hayafai kabisa kubeba kruza ya kilo 350 pamoja na mume na mke na mizigo yao. Mtu akipata tairi la namna hiyo kwa bei nafuu akaona amebahatika, basi ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MFANO WA MWAKA 2009

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, na autazame mwaka 2009. Mwaka huo kampuni ya Harley-Davidson iliamua kuzipa pikipiki zake za safari ndefu tairi la nyuma la 180/65-16 badala ya lile la zamani la kiasi cha 130. Ni milimita 50 tu, upana wa vidole vitatu. Lakini haikubadili tairi peke yake. Ilitoa fremu mpya. Ilitoa mkono mpya wa nyuma, ile mitaimbo miwili ishikayo gurudumu. Ilitoa ringi mpya ya upana wa inchi 5. Wenye kiwanda na wahandisi na mashine zote hizo walihitaji kufanya hayo yote kwa ajili ya milimita 50, na bado wako watu wadhanio kwamba waweza kumaliza kazi hiyo uwani Jumamosi asubuhi kwa spana mbili na nyundo.

Kwa nini yalihitajika yote hayo? Kwanza ni ile ringi. Tairi hukaa juu ya ringi kwa midomo yake miwili, na kila tairi lina upana wa ringi lililokusudiwa. La 180 hutaka ringi ya inchi 5 au 5 na nusu. La 240 hutaka ya inchi 8 na nusu. Ukilitia la 180 kwenye ringi ya inchi 3 ya tairi la zamani, midomo hubanwa pamoja, na mgongo wa tairi huinuka kama nundu ya ngamia. Utaona ajabu: umelipa pesa za tairi pana, na sehemu igusayo barabara ni ndogo kuliko iliyokusudiwa, kwa kuwa mabega yote mawili yako hewani. Mbaya zaidi, midomo iliyobanwa haikai sawasawa, na tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi wakati upepo ukipungua. Makampuni ya matairi huchapisha jedwali za upana wa ringi kwa kila tairi. Jedwali hiyo ndiyo ya kuangaliwa kabla ya kutoa pesa, si baada.

Pili ni nafasi. Tairi likisimama ni kitu kimoja. Likizunguka kwa kasi ni kitu kingine, maana hupata moto na kutanuka. Matairi ya nyuzi za mshazari hutanuka kuliko yale ya radiali. Kwa hiyo mafundi hutaka kila upande pabaki angalau robo inchi, yaani milimita 6 hivi, kati ya tairi na chuma chochote, na wenye hadhari hutaka zaidi. Tena nafasi hiyo haipimwi pikipiki ikiwa imesimama tupu. Hupimwa shokomzoba zikiwa zimebonyea mpaka mwisho, kama vile itakavyokuwa wakiwa wamekaa watu wawili nayo imeingia shimoni. Fundi mwangalifu hufungua shokomzoba hizo, akalisukuma gurudumu juu mpaka mwisho wa safari yake, kisha akachungulia kwa tochi ndani ya madigadi. Humo ndimo vinamokaa vichwa vya bolti na nyaya za taa ya nyuma. Bolti moja iliyochomoza nusu inchi yatosha kulichana tairi jipya katikati ya barabara kuu, na waya uliokatika huzima taa ya breki bila ya mpandaji kujua. Lori lililo nyuma yake halina habari kwamba amepunguza mwendo.

Tatu ni mkanda, na hapa ndipo wengi waliposhindwa. Tangu mwaka 1980 Harley-Davidson ilianza kutumia mkanda wa mpira wenye meno mahali pa cheni, na mkanda huo hupita sambamba na tairi, karibu karibu. Tairi likipanuka hula ukingo wa mkanda. Ukingo ukichanika, mkanda hukatika, na mara nyingi hukatika wakati injini inapovuta kwa nguvu, kama vile mtu anapolipita gari. Zipo njia za kuliepuka hilo. Ya kwanza ni kutia mkanda mwembamba pamoja na magurudumu yake ya meno, lakini mkanda mwembamba nao una kikomo cha nguvu zake. Ya pili ni kuusogeza mkanda nje kwa vipande vya kuongezea, ambavyo hulisukuma giaboksi nje pia. Ya tatu ni gharama kubwa: kutafuta giaboksi ambayo hutoa mkanda upande wa kulia badala ya kushoto, ili uzito ulingane.

Wako pia wanaochukua njia ya mkato, wakalisogeza gurudumu lenyewe upande mmoja kwa kutia wosha nene, mkanda ukapata nafasi. Gurudumu la nyuma basi halifuati tena mstari wa lile la mbele. Pikipiki huenda upande upande kama kaa. Katika mwendo mdogo mtu hazoei kuligundua hilo, lakini akiachia usukani kidogo huona inavuta. Mimi simshauri mtu njia hiyo, hata kama wako wauzao vifaa vyake.

KUENDESHA KWENYEWE

Watu wengi huamini kwamba tairi pana hushika barabara zaidi kwa kuwa eneo liigusalo ardhi ni kubwa. Jambo hili lataka kufikiriwa. Uzito wa pikipiki ni ule ule, na upepo ndani ya tairi ukiwa ni ule ule, eneo liguslo ardhi halibadiliki sana. Linalobadilika ni umbo lake. La tairi jembamba ni refu kwenda mbele. La tairi pana ni fupi na limetanda kando. Kwenye lami kavu iliyonyooka halina taabu. Mvua ikinyesha, tairi lililotanda lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando kwa wakati mmoja, na huanza kuelea juu ya maji mapema kuliko jembamba.

Kona nazo ni habari nyingine. Pikipiki hukata kona kwa kulala. Tairi jembamba likilala, mahali pagusapo ardhi husogea kidogo tu. Tairi pana likilala, mahali hapo husogea mbali kuelekea upande wa kona. Kwa sababu hiyo pikipiki yenye tairi pana hubidi ilale zaidi ili kukata kona ile ile kwa mwendo ule ule, na huku kruza kwa kawaida yake iko chini, ubao wa miguu hukwaruza ardhi mapema. Isitoshe, tairi pana hutaka kusimama wima kila mara. Mpandaji hubidi aendelee kuusukuma usukani kona nzima. Aliyezoea pikipiki yake ya zamani kwa miaka kumi, akaingia kona aliyoizoea kwa mwendo alioizoea, huona pikipiki inataka kwenda moja kwa moja upande wa magari yajayo. Hilo ndilo la kuogopwa kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu bolti fundi aweza kuiona kwa tochi, lakini mazoea ya mtu hayaonekani.

Ndiyo maana Ujerumani mtu haruhusiwi kutia tairi la kipimo kisichoandikwa katika hati za pikipiki yake mpaka wakaguzi, kama wale wa TÜV, waipitishe. Wamarekani wao wamemwachia kila mtu uhuru wake. Kila utaratibu una watu wake, lakini kwa jambo hili mimi niko pamoja na Wajerumani.

Kwa yule aliyekwisha kuamua, na pikipiki yake ikakubali, kazi yenyewe ya kulitia tairi ina adabu yake. Kwanza huangalia tarehe: ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne, na 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililolala ghalani miaka mingi limekauka hata kama halijaguswa na barabara. Kisha hutazama mshale uonyeshao upande wa kuzunguka. Midomo ya tairi hupakwa maji ya sabuni au mafuta yake maalumu, si grisi, na upepo hutiwa polepole mpaka midomo ikae kwa mlio wake, bila ya kupita kipimo kilichoandikwa ubavuni. Ikikataa kukaa, upepo hutolewa, hupakwa tena, hurudiwa. Wako mafundi waliopoteza vidole kwa kulazimisha. Ringi ya spoki kwa kawaida hutaka tyubu, na tyubu iwe ya kipimo cha tairi jipya. Ile ya zamani ikivutwa kujaza tairi pana huwa nyembamba na kupasuka. Gurudumu hupimwa uzito pande zote lisije likatetema, na nati ya ekseli hukazwa kwa spana yenye kipimo kama kitabu cha pikipiki kinavyosema.

Huku kwetu kruza ni chache, lakini mambo haya yana wenyewe. Bodaboda zetu nyingi zina tairi la nyuma la 3.00-18, ambalo upana wake ni inchi 3, na wako madereva wapendao kutia la 3.50 ili libebe abiria na magunia. Nusu inchi hiyo ya upana huleta na karibu inchi nzima ya kipenyo. Saa ya mwendo kwa kawaida huendeshwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo dereva haoni tofauti hapo. Anayoiona ni injini kuchoka mlimani, maana ni kama aliyeongeza gia. Anapotia tairi hilo na aangalie kifuniko cha cheni, chuma cha breki na madigadi, gurudumu likiwa limesukumwa juu mpaka mwisho kama tulivyosema. Mzigo uliopimwa na kiwanda haukuongezeka kwa sababu tairi limeongezeka. Mkono wa nyuma, ekseli na spoki ni zile zile.

Tairi jipya lolote, jembamba au pana, hutoka likiteleza, na hutaka kama kilomita 160 za mwendo wa upole kabla ya kulalia kona. Baada ya safari ya kwanza, hata ikiwa ni ya kutoka Likoni mpaka Ukunda tu, mwenyewe na ashuke, apite kidole pande zote mbili za tairi na ukingo wa mkanda au cheni, aangalie kama pana mahali pamekwaruzwa pakang'aa, kisha akaze tena nati ya ekseli kabla ya kumpakia mtu nyuma.